Spika za Kumsikilizia Kaka

Kitaji, Jumapili

Kosa ni langu. Fundi alinishauri nichukue spika ndogo za kompyuta, sauti yake safi. Mimi nikang'ang'ania kubwa ili jirani wote wamsikie kaka Magesa, aliyetutumia sidii ya sauti yake kutoka Ulaya. Miaka sita kimya!

Baada ya ibada nikazielekeza dirishani, nikafungulia mpaka mwisho. Akamsalimia mama, uani wakapiga vigelegele. Halafu: "Mama, mwambie Bhoke asinisubiri. Nimeoa huku."

Bhoke, mke wake, alikuwa uani anawagawia wageni uji.

"Zima hilo dude!" mama akanifokea.

"Usizime, wifi," Bhoke akasema. "Rudisha mwanzo. Labda kuna mahali amenisalimia."

Nimerudisha mara mbili. Hakuna.