Ovaroli ya Pamba

Kaka,

Watoto wazima, paa halivuji tena. Sasa tuseme ukweli. Umempigia mama simu kunisema, eti nimekuwa mbadhirifu kwa kumnunulia mume wangu ovaroli ya pamba ya bei ghali. Si wewe uliyeniambia, "Nguo ya kuchomelea vyuma ni ya kuchafua tu, chukua ya rahisi"? Nikakusikiliza, nikamnunulia ya nailoni, mjinga mimi! Suti yako ya harusi uliivaa siku moja na hukuuliza bei. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cheche ilimrukia mume wangu kazini, ile nailoni ya bei rahisi ikayeyuka, ikamganda kifuani.

Ovaroli mpya inaning'inia msumarini. Bado hawezi kuvumilia nguo imguse.

Mpigie mama tena, umwambie na hilo.

Mdogo wako