Joto Lako, Kitambaa Changu

Merv mume wangu,

Nimekimbilia ukumbi wa maonyesho, wanapokea keki za mashindano mpaka saa tatu tu. Oveni nimeizima, lakini usiuegemee mlango wake, bado una moto.

Ile keki iliyoungua wape kuku. Haya, uliniambia. Ulinisomea kabisa kijitabu: oveni hii mpya ina feni, punguza digrii ishirini. Nikakujibu nimeoka miaka arobaini na wewe hata yai hujawahi kuchemsha. Basi, nimekoma.

Lakini ya pili kosa ni lako! Ilitoka laini, imeumuka vizuri, nageuka tu kumimina chai, ukaipindua juu ya wavu wa kupozea bila kutandika kitambaa. Ikachorwa mistari kama imepitiwa na trekta! Majaji wetu wanakata alama hata kwa mstari mmoja, unawajua. Hiyo ikate vipande, chovya kwenye chokoleti, viringisha kwenye nazi. Mistari haitaonekana, na wajukuu watapata vikeki vyao vya lamingtoni.

Ya tatu tumeioka kwa joto lako na kitambaa changu, imetoka safi. Kwenye kadi ya mashindano nimeandika ~~jina langu~~ majina yetu mawili.

Tukishindwa, nafuta langu.

Mkeo