Uyoga Kwenye Sahani ya Kombe

Khaleti,

Hili sijamwambia mtu, hata mama, dada yako, sikumwambia lote: wiki mbili nyuma nilichuma uyoga kwenye kinyesi cha ng'ombe kule Mwera, nikauleta nyumbani ndani ya mkebe wangu wa hisabati, nikanuia kuula.

Ngoja, usishtuke. Nianze mwanzo.

Kaka Suleiman bado yuko hotelini Kiwengwa, na bado ananiletea majarida ya Kiingereza yanayoachwa na wageni. La mwisho alinirushia akasema, "Haya, profesa, hili lina uyoga. Soma utupikie." Nikalisoma na kamusi mkononi. Linasema kuna madaktari huko kwao wanaojaribu dawa iliyomo kwenye aina fulani ya uyoga, ule unaomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo. Wanawapa watu wenye huzuni isiyoondoka, na wagonjwa wa saratani wanaoogopa kufa. Wengine wanasema baadaye walihisi wepesi. Wengine hawakupata kitu, na wapo walioingiwa na hofu kubwa. Madaktari wenyewe wanasema bado hawajui vya kutosha.

Huzuni isiyoondoka! Nilisoma maneno hayo nikakuona wewe, umelala umeelekea ukutani, chai inapoa. Bibi alisema hasadi, jicho baya la watu. Mama alisema umechoka tu. Hakuna aliyesema ni ugonjwa. Halafu ikaja homa, ikakukuta huna nguvu hata ya kumeza uji, ikakuchukua.

Nina maswali mengi, Khaleti. Huzuni inakaa wapi mwilini? Kitu kinachoota kwenye kinyesi kinaijuaje njia ya kufika huko? Na mtu akishaona yasiyokuwepo, inakuwaje arudi na kuyaona vizuri yaliyopo?

Lakini sikuuchuma kwa maswali tu. Tangu ututoke, nikiitwa jina darasani kifua kinabana. Naamka nimechoka. Wiki nzima sikufungua kitabu, mimi! Nikaanza hata kujiangalia nikiwa kitandani: nimeelekea upande gani?

Ule uyoga ulikuwa mdogo, wa kahawia, unafanana na wa kwenye picha, au mimi nilitaka ufanane. Mama alipokwenda sokoni Mwanakwerekwe, nikatoa ile sahani nyeupe aliyokuwa shekhe akikuandikia kombe, aya kwa zafarani, kisha zikaoshwa kwa marashi ukanywa. Nikaupanga uyoga juu yake. Nikaunyunyizia marashi. Nikasema bismillahi. Kwangu mimi dawa ndiyo hivyo: sahani, nia, kisha watu watoke chumbani waiache ifanye kazi.

Hapo nikakumbuka. Kila ulipokunywa kombe bibi alitufukuza sote, "Tokeni, tokeni, mwacheni na dawa yake!" Siku moja ukanishika mkono ukasema, "We kaa, mwanangu. Nisomee chochote." Nikakusomea mmeng'enyo wa chakula, maana ndicho kitabu nilichokuwa nacho. Ukacheka: "Yaani mie nshakunywa aya za Mungu, we waniletea habari za utumbo?" Siku ile ulikula nusu ya mkate wa ufuta.

Nikalirudia jarida. Kuna ukurasa niliouruka kwa sababu niliona hauna sayansi. Wale wagonjwa hawaachwi peke yao. Kwanza wanachunguzwa na kuzungumzishwa vya kutosha. Wakishapewa dawa wanalazwa, wanapigiwa muziki, na kuna watu wanaokaa nao mpaka mwisho. Mie nilikuwa peke yangu jikoni, na uyoga nisioujua jina, ambao huenda ulikuwa sumu.

Nikaumwaga chooni. Nikaosha mikono kwa sabuni, tena na tena.

Mama aliporudi nilimwambia kabla hajavua buibui, "Mama, nnaumwa ule ugonjwa wa dada yako." Kapu likamponyoka. Hakusema hasadi, hakusema nimechoka. Akaketi sakafuni palepale kwenye vitunguu, akanivuta.

Kesho yake tukaenda kliniki ya magonjwa ya akili, ile ambayo watu huipita mbio wasije wakaonekana. Mama, ambaye havai nikabu, alivaa. Akaninong'oneza, "Tukikutana na mtu, tumekuja kumtazama mgonjwa." Hatujafika mlangoni, kijana wa jirani akaita, "Bi Asha, shikamoo! Leo na nikabu?" Mama akaishusha nikabu. Kisha akasema, "Marahaba. Nimemleta mwanangu kutibiwa."

Nilimuuliza daktari habari za uyoga. Hakunicheka. Alisema na yeye amesoma habari hizo, ni jambo la kufuatilia, ila bado linajaribiwa, na hapa hana ruhusa wala ujuzi wa kulitumia. Alicho nacho ni mazungumzo, na vidonge ikibidi. Tukakubaliana tuanze na mazungumzo. Nikatamani mtu angekupeleka na wewe.

Nakuahidi nitasoma mpaka nijue kama dawa ile ingekufaa. Huenda jibu likawa hapana, nami nitalipokea hivyo hivyo. Na nakuahidi sitajitibu tena kwa siri. Pumzika, Khaleti. Mola akupanulie mahali pako na akutilie mwanga.

Jumatatu nilirudi kliniki. Niliingia, nikaketi. Daktari akaniuliza ningependa kuanzia wapi. Nikamtajia jina lako.

Mwanao,
Salma