Ile Waya Nyuma ya Ampli

Kwa dada yangu Saliha, Rumonge

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute muzima, na ile goti imepoa. Mi niko muzima kushinda hawa vijana wote. Nimeandika na mukono wangu. Kama herufi zimelala usicheke, darasa la tatu ndiyo mwisho wangu.

Saliha, niko na hasira. Miaka makumi tatu na mbili nimetunza ampli, ile mashini ya kukuza sauti ya adhana, ya musikiti yetu hapa Cibitoke. Inakufa, naifufua. Hata matajiri wa Kiriri walikuwa wanaleta redio zao kwangu. Halafu mutoto wako Anouar, juu amesoma elektroniki, anakuja kuambia kamati eti ile mashini ni muzee, siku moja itachoma watu, walete ya kisasa. Nikamuuliza kama na mi watanitupa walete wa kisasa.

Kamati wakamukubalia. Alinikalisha chini na karatasi yake, akataka nimuonyeshe kila waya, inatoka wapi, inaenda wapi. Mi, kama mwanafunzi! Akauliza mara mbili kama hakuna ingine imejificha. Nikamuambia apana, na asiniulize tena, nilishika turnevisi ya kukaza skrubu baba yake hajaota ndevu.

Siku ya kufungua ile ampli mupya, umeme ilikatika, ikarudi na nguvu. Mashini ikatoa moshi mbele ya watu wote. Shehe Tajudini akamuita muharibifu, kamati wakamunyanganya ufunguo wa chumba cha mashini. Na mi nikapaza sauti: si niliwaambia! Ndiyo sababu amerudi kwako na haongei.

Sasa sikia, dada. Waya ilikuwako. Niliipitisha mi mwenyewe zamani, ndani ya ukuta, nikaruka fizibli, ile kitu ya kukata umeme ikizidi, juu ilikuwa inatukatia adhana katikati. Basi ile nguvu haikukuta cha kuizuia. Anouar aliikuta siku ile ile. Akaing'oa, akaikunja ndani ya ile karatasi yake, akaniwekea mukononi, akasema tu: Mjomba, hii ni yako. Hakuambia mutu. Hiyo ndiyo inanichoma! Heri angenitukana.

Muambie apande bisi ya Alhamisi. Ijumaa, tukimaliza kuswali, nitasimama na ile waya mukononi, niseme yote. Ampli hatuna, lakini sauti yangu bado inafika barabarani.

Nisalimie wajukuu, na Fadhila jirani yako, mwenye maneno mengi.

Mi kaka yako mukubwa,
Massoudi, fundi