Jamu ya Mwisho ya Makena

Jumamosi, Isiolo. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mabati yanalia kwa jua.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka sawa.

Leo nimemwaga jamu ya Makena. Dada yangu aliipika kabla hajalazwa, na kutoka hospitalini hakurudi. Mama, ambaye naishi naye hapa kwangu tangu mazishi, amekuwa akiipaka kwa mkate kidogo sana, ncha ya kijiko tu, ili isiishe. Alikataa isiwekwe kwa friji. Aliiweka dirishani karibu na kitanda, mahali anaiona.

Asubuhi nimefungua chupa nikakuta ukungu wa kijani umetanda juu.

"Toa hiyo ya juu tu," Mama akasema. "Ya chini iko sawa."

Nikamweleza kwamba ukungu hauishii pale macho yanapoona, unashuka ndani, na tumbo lake siku hizi si la kujaribiwa. Akaikumbatia chupa kwa mikono miwili.

"Mkono wa mtoto wangu umebaki hapa."

Nilikaa kando yake mpaka akaiachilia mwenyewe. Nikaimwaga kwa shimo la takataka, nikalia huko huko nyuma ya nyumba asinione.

Halima, jirani yangu, ndiye alinikuta hapo. Ndugu yake analima huko Rapsu na alikuwa amemletea mapapai. Alisema salaam aleikum, akaniangalia uso, hakuuliza mengi.

"Leta kisu," akasema. "Tupike."

Sikutaka kupika. Nilitaka kulala. Lakini yeye alishaanza kumenya.

Tumechemsha chupa na vifuniko, na kitambaa ndani ya sufuria, chini ya chupa, zisigongane zikapasuka. Papai halina uchachu wa kutosha kuizuia jamu isiharibike, kwa hivyo nimekamua ndimu nyingi kuliko moyo wangu ulivyotaka. Jamu ilipokuwa nzito tumeijaza kwa chupa ikiwa moto, tukaacha nafasi kidogo juu, tukapangusa midomo ya chupa, tukafunga, tukazirudisha kwa maji yanayochemka. Halima alipotoka kwenda kuswali, nilizitoa zipoe, nikabaki nikisikiliza vifuniko vikijivuta ndani kimoja kimoja. Tak. Tak.

Zote nimeziweka kwa katoni chini ya kitanda changu, gizani, ambako joto si kali. Nimechagua chupa ndogo makusudi. Ikifunguliwa moja, inaingia kwa friji, kijiko kikavu, na inaisha kabla haijaharibika. Sitaki tena kitu cha kutunzwa mpaka kioze.

Jioni nilimpelekea Mama mkate uliopakwa jamu iliyobaki sufuriani. Aliuma, akatafuna polepole, macho ukutani.

"Si kama ya Makena."

"Si kama yake, Mama."

Nikafikiri atausukuma ule mkate. Nilikuwa tayari kuubeba nirudi nao jikoni, sikuwa na nguvu ya kubishana. Lakini aliukata vipande viwili, kipande kikubwa akaninyooshea.

"Wewe umekula nini leo?"

Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Nikajaribu kukumbuka. Chai, labda.

"Kaa chini, Kawira. Kula."

Nikakaa. Tangu tumzike Makena, ni leo tu ameniita kwa jina langu.