Tambara la Saba la Verlon Tidmore

Ni mwaka mmoja sasa na shindano moja la kuvusha magari matopeni tangu ututoke, Baba, spana ikiwa mkononi na sentensi ikiwa nusu mdomoni. "Earlene, nikishaweka gasketi hii nakuja ku…" Mpaka leo Mama anabishana na watu kama ulikuwa unakuja kula au kuoga. Tuliokujua tunajua kuoga hukuwa unakuja.

Wamenipa kalamu mimi, Rhonda, kwa kuwa wengine wakianza kuandika wanalia.

Ulikuwa fundi wa trekta za wakulima wa karanga nusu ya Alabama, na mkono wako haukuwa wa birika. Gari la Bi. Oletha, yule mjane, lilikuwa linazima kila Jumatano, nawe ukaenda kila Jumatano kwa miaka minne. Kwenye mazishi alikiri kwa machozi kwamba waya alikuwa akiuchomoa mwenyewe, apate mtu wa kula naye pai. Tukafungua daftari lako la kazi, tukakuta umeandika: "Jumatano, waya wa Bi. Oletha. Nisichelewe."

Nyumbani ulitutesa, tuseme ukweli. Pistoni uliziosha kwenye mashine ya vyombo vya Mama. Vifuniko vya valvu ulivipaka rangi ya chungwa ukavikausha kwenye oveni asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, na bata mzinga akaja mezani ananuka rangi. Mama akasema, "Verlon, mimi au injini?" Ukamtazama kwa upendo, ukasema, "Mke wangu, usiniulize maswali magumu mbele ya watoto."

Injini yenyewe ilikuwa ile mafundi waiitayo bloku kubwa, silinda nane, ya kuvushia pikapu yako uliyoiita Mama Mkwe, mbele ya mama mkwe mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ulikwama katikati ya shimo la matope la shindano, na kila mwaka Baba mdogo Hoyt alikuja na trekta lake na mnyororo, akipiga kelele umati usikie: "Kaka, nikuvute au uko likizo?" Nawe ukiwa na tope mpaka kwenye nyusi ulijibu, "Ngoja bloku kubwa!"

Ungevuka mapema kama si tambara. Unapofungua kabureta unaziba tundu kwa tambara lisije likaingia vumbi wala bolti, na mwaka mmoja wewe na Baba mdogo mlilisahau humo. Injini ya zamani ikalimeza, ikakohoa, ikafa pale shimoni mbele ya waumini wa kanisa letu zima. Tangu hapo ukaweka sheria: matambara mekundu saba, na ufunguo hauguswi mpaka yote saba yahesabiwe juu ya meza.

Basi bloku kubwa uliiacha wazi, Baba, na tuliapa mbele ya kaburi lako kwamba mwaka huu pikapu tutaivusha. Nikafunga kila bolti kwa vipimo vyako ulivyoandika ukutani. Jumamosi ya shindano ikafika, tukafika shimoni, nikahesabu matambara. Sita.

"Washa tu, bwana," Baba mdogo akasema. "Tambara ni tambara."

"Baba mdogo, mwaka ule nani alisema hivyo?"

Akageukia mnyororo wake, maana alikuwa yeye.

Nikang'oa kabureta, nikamulika kwa tochi, nikaingiza waya. Hakuna kitu. Nikafunga, moyo ukakataa, nikafungua tena. Jina letu likaitwa mara ya kwanza, likaitwa mara ya pili. Ya tatu wanakufuta. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu anakula karanga za kuchemsha.

"Mnatafuta nini muda wote huo?"

"Tambara la saba, Mama!"

"Aa. Hilo analo baba yako."

Tukamgeukia wote. Akatema ganda. "Walimtia leso nyeupe kwenye mfuko wa koti. Nikamtazama pale kwenye jeneza, nikaona huyu si mume wangu, huyu ni mtu wa benki. Nikaitoa, nikamwekea tambara lake. Sasa amependeza."

Baba mdogo Hoyt alilia kama mtoto, akipenga kamasi kwa tambara namba nne. Mimi nikapanda, nikageuza ufunguo.

Ilivuka, Baba. Yote, mpaka ng'ambo. Ila katika ukoo huu hakuna aliyewahi kufika ng'ambo, na breki hatukuwahi kuzihitaji huko, hivyo nilikuja kusimama ndani ya kibanda cha kambare wa kukaanga. Bahati njema wenyewe walikuwa wametoka kuja kushangilia. Baba mdogo alibaki na mnyororo wake mkononi, hana wa kumvuta. Tulikukosa sana dakika ile.

Unakumbukwa na mkeo Earlene, mimi binti yako, mdogo wako Hoyt, Bi. Oletha ambaye gari lake sasa halizimi, na mama mkwe wako Bi. Maudine, aliyeomba tuandike kwamba jina la pikapu amekusamehe.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Kila nikimaliza kazi karakanani nahesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka sita. Halafu nangoja. Kutoka jikoni Mama anaitikia, "Saba!" Ndipo nawasha.