Medali ya Traugott Oehme na Boila Namba Mbili

KITUO CHA POLISI, WOLKENBACH, SAKSONIA
Maelezo ya shahidi, Jumanne 16 Machi 1909

Jina: Alwine Uhlmann, mjane. Umri: miaka 54. Kazi: mfumaji. Makazi: Barabara ya Kinu, namba 9.

Mtuhumiwa, Traugott Oehme, ni kaka yangu wa tumbo moja. Amechochea moto wa boila kiwandani kwetu miaka thelathini na mmoja.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, saa tano asubuhi, alivishwa mbele yetu sote medali ya uaminifu kazini. Alilia. Mfumaji mmoja akamtania, "Mzee, hiyo haipakwi kwenye mkate!" Tukacheka, naye akacheka.

Jana saa moja asubuhi, msimamizi, Bwana Lohse, alimsimamisha mlangoni. Nilikuwa nyuma yao.

"Mzee, macho yako hayasomi tena kipimo cha mvuke. Kapumzike."

"Nipe hata kufagia ua, bwana. Mke wangu hainuki kitandani."

"Nafasi hakuna. Na nyumba ya kiwanda uihame mwisho wa mwezi."

"Na medali hii uliyonivisha juzi?"

"Hiyo ni yako, mzee. Hakuna atakayekunyang'anya."

Saa nne na nusu tulisikia mayowe. Kaka alikuwa amejifungia kwenye chumba cha boila namba mbili na kuikaza vali ya usalama kwa waya, mvuke usitoke na boila ipasuke. Watu walikimbilia nje. Mimi nilikwenda kugonga. Mlango ulikuwa wa moto.

"Ondoka, Alwine."

"Siondoki. Ghorofani bado kuna wanawake, wamesongamana kwenye ngazi."

Akasema, "Miaka yote hiyo sikuchelewa hata siku moja. Nimekosa nini?"

"Hujakosa, kaka. Ila ukiendelea, utakuwa umekosa."

Nikabaki pale nimeegemea ukuta. Nikasikia koleo likigonga chuma, mara mbili, tatu, kisha mvuke ukalia ukitoka. Alipofungua mlango, ngozi ya mikono yake ilikuwa imebabuka hadi viwikoni. Akaniuliza, "Wameshuka wote?"

Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia kwa masikio yangu. Mengine siyajui.

(Sahihi) A. Uhlmann

Maelezo ya afisa: Mtuhumiwa yuko hospitali chini ya ulinzi, daktari hatarajii mikono ifanye kazi tena. Shahidi alisomewa maelezo, akakataa kutia sahihi mpaka niandike: "Waya aliukata mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono." Nimeandika.
Sajini E. Nestler